Sayari Hazikai Ukutani

Katika madarasa mengi ya shule zetu za msingi kuna mchoro usiokosekana ukutani. Upande wa kushoto limechorwa jua, nusu yake tu, la manjano iliyokoza. Kulia kwake sayari nane zimepangwa mstari mmoja, zimebanana, kila moja na rangi yake. Watoto huyaimba majina kwa pamoja: Utaridi, Zuhura, Dunia, Mirihi, Mshtarii, Zohali, Uranus, Neptune. Mtihani ukifika huulizwa ipi ni kubwa kuliko zote, ipi ina pete, ipi iko jirani zaidi na jua. Aliyepatia amepatia, na mada imefungwa.

Kukariri majina si kosa. Jina ni mlango wa kuingilia. Kinachoniuma ni kwamba tunaishia mlangoni. Mtoto anamaliza shule akiamini kuwa mfumo wa jua ni habari ya mbali, mali ya mataifa yenye roketi, jambo la kujibia maswali na kulisahau. Mtoto huyohuyo, akiwa wa Paje, wa Kilwa Kisiwani au wa Lamu, ameamka akakuta maji ya bahari yamekwenda mbali kwa sababu ya jua na mwezi. Upepo umegeuka kwa sababu dunia imeinama. Saa anayokwenda nayo shule inahesabiwa tangu macheo, na hesabu hiyo inamfaa kwa sababu kwao ni karibu na ikweta. Anaishi ndani ya mfumo wa jua usiku na mchana, na hakuna aliyemwambia.

Tuanze na bahari. Wavuvi, na wanawake wanaolima mwani pwani ya mashariki ya Unguja, wanaijua tofauti ya bamvua na maji mafu hata kama hawakupata kukaa darasani. Siku za bamvua maji hujaa sana na kupwa sana, kiasi kwamba mtu anatembea kwa miguu masafa marefu kuelekea mwambani, akafunga kamba zake za mwani au kutafuta pweza mashimoni. Siku za maji mafu bahari haipandi sana wala haishuki sana, na kazi hizo hulala. Wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa Unguja hufika mita 4 hivi.

Nani anaamua? Mwezi unaivuta dunia, na upande wa dunia ulio karibu na mwezi huvutwa kwa nguvu zaidi kidogo kuliko upande wa pili. Tofauti hiyo ndogo inatosha kuyatunisha maji pande zote mbili, ule unaouelekea mwezi na ule ulioupa kisogo. Jua nalo linavuta. Uzito wake hauna mfano, ila liko mbali, kwa hiyo nguvu yake ya kuinua bahari haifiki nusu ya ile ya mwezi. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, jua, dunia na mwezi hukaa karibu mstari mmoja. Nguvu mbili zinasaidiana na bamvua inafika. Mwezi ukiwa nusu, jua linavuta huku na mwezi unavuta kule, maji yanakufa. Ndiyo sababu mvuvi akiulizwa bamvua ni lini hafungui kalenda. Anahesabu siku za mwezi, na hiyo ni elimu ya falaki kamili, imepimwa kwa vizazi, inalisha watu.

Upepo pia. Mhimili wa dunia umeinama nyuzi 23.4 kutoka wima wa njia yake ya kulizunguka jua. Kuanzia mwezi wa Mei hivi nusu ya kaskazini ya dunia inakuwa imelielekea jua. Bara la Asia linapata joto, hewa yake inapanda juu, na hewa ya baharini inavutwa kwenda kujaza nafasi. Huo ndio kusi, uliokuwa ukisukuma majahazi kutoka Unguja na Mombasa kwenda Oman na India. Desemba mambo yanageuka, Asia inapoa, na kaskazi inashuka kuja kwetu. Mhimili ungekuwa wima, kusi na kaskazi visingekuwapo kwa namna tunayoijua. Nahodha wa Maskati asingekuwa na upepo wa kumleta na upepo wa kumrudisha, wala asingelazimika kukaa Lamu au Kilwa akisubiri msimu, akauza, akaoa, akazika, akazaa. Sisemi kwamba mwinamo wa dunia peke yake ndio uliojenga miji ile ya mawe, kwa maana watu ndio waliojenga. Lakini somo la historia ya pwani lisiloutaja mwinamo wa dunia limeacha sababu yake ya kwanza nje.

Ukitaka kuona uzito wa nyuzi hizo, tazama majirani. Mshtarii imeinama nyuzi 3 tu, karibu haina misimu. Uranus imelala ubavu kabisa, nyuzi 98, na mwaka wake ni miaka 84 ya kwetu, kwa hiyo kila ncha yake hupata miaka 42 ya mwanga na miaka 42 ya giza. Dunia ilipata kiasi kinachofaa kwa kilimo na safari.

Kuhusu saa, wageni wengi hushangaa kwamba sisi tunahesabu saa moja baada ya jua kuchomoza na kuanza tena moja baada ya jua kutua. Njia hii inafanya kazi kwa kuwa karibu na ikweta mchana na usiku hulingana, au hupishana kidogo, mwaka mzima. London mwezi wa Juni mchana unapita saa 16; hesabu yetu ingevurugika kule. Mabaharia wa zamani wa pwani walikwenda mbele zaidi. Mwaka wa mwezi una siku 354 na huteleza siku 11 hivi kila mwaka, hivyo hauwezi kumwambia nahodha upepo utageuka lini. Kwa hiyo walishika pia mwaka wa jua wa siku 365, wakauanza kwa Nairuzi na kuugawa kwa miongo ya siku kumi kumi. Makunduchi, Unguja, bado wanausherehekea kila Julai katika Mwaka Kogwa. Ibada kwa mwezi, safari na kilimo kwa jua: jamii yenye kalenda mbili kwa wakati mmoja haiwezi kuambiwa kwamba falaki ni somo la wageni.

Nirudi kwenye mchoro wa ukutani, maana nao una kosa, nalo ni la umbali. Hakuna karatasi inayoweza kuonyesha ukubwa wa sayari na masafa yake kwa kipimo kimoja. Mchapishaji akitaka sayari zionekane, lazima azisogeze. Akitaka masafa yawe ya kweli, sayari zinapotea machoni. Basi andikeni chini ya mchoro kwamba vipimo si halisi, kisha watoeni watoto nje.

Kipimo chepesi kipo. Kila kilomita 1,000 za angani ziwe milimita 1 ya ardhini. Jua linakuwa duara la mita 1.4, kimo cha mtoto wa darasa la tano hivi. Lichorwe kwa chaki kwenye ukuta wa shule. Mtu atembee mita 58, aweke punje ya choroko: hiyo ni Utaridi. Mita 108 kutoka ukutani aweke gololi ndogo, Zuhura. Mita 150, gololi nyingine karibu sawa na ile: Dunia, na watu wote waliowahi kuzaliwa wako juu yake. Sentimita 38 kutoka kwenye gololi hiyo aweke punje ya mtama, nayo ni mwezi. Masafa yote ambayo binadamu amewahi kwenda kwa mwili wake, tangu wanaanga wa Apollo mpaka leo, hayazidi sana sentimita hizo 38. Mita 228, mbaazi: Mirihi. Mpaka hapa bado tumo karibu na shule.

Halafu uwanja unaisha. Mshtarii, balungi la sentimita 14, iko mita 778. Zohali, balungi dogo kidogo, iko kilomita 1.4. Uranus, ndimu kubwa, karibu kilomita 2.9. Neptune, ndimu nyingine, kilomita 4.5, mwendo wa saa nzima kwa miguu. Katikati hakuna kitu ila vumbi na mawe madogo yasiyoonekana. Na mtoto akiuliza nyota ya karibu baada ya jua iko wapi katika kipimo hichohicho, jibu ni kilomita 40,000: azunguke dunia yote halisi arudi alipoanza. Atakayeutembea mfumo huu mpaka kwa Neptune siku moja hatausahau kamwe, wala hatahitaji kuimbishwa mpangilio wa sayari. Miguu yake itakuwa inaujua.

Jua lenyewe limebeba asilimia 99.8 ya uzito wote wa mfumo huu. Sayari, miezi, asteroidi na vimondo vyote vinagawana mabaki. Ndiyo maana kila kitu kinalizunguka, na ndiyo maana mwanga wake, unaotumia dakika 8 na sekunde 20 kutufikia, ukifika kwa Neptune umetumia zaidi ya saa 4 na umefifia mara 900 kuliko hapa kwetu.

Sasa niseme neno juu ya Zuhura, kwa sababu nadhani hii ndiyo sayari ambayo mwalimu angeanza nayo, na ndiyo tunayoitupa haraka kuliko zote. Kila mtu ameiona. Ni ule mwanga mkali usiopepesa, magharibi baada ya jua kutua au mashariki kabla ya alfajiri, unaoshinda nyota zote. Mwulizeni mtoto: umewahi kuiona utosini usiku wa manane? Hajaiona, wala hataiona. Inatua ndani ya saa tatu hivi baada ya jua, au inachomoza saa chache kabla yake, basi. Kwa nini Mshtarii inaweza kukaa utosini saa sita usiku na Zuhura haiwezi?

Mtoto akilifikiria swali hilo kwa wiki moja, akiangalia mwenyewe, atafika peke yake mahali ambapo mabingwa walifika kwa taabu. Zuhura inalizunguka jua ndani ya njia yetu, kwa hiyo tukiitazama ni lazima tuangalie upande wa jua. Mwaka 1610 Galileo Galilei aliielekezea darubini akaona kwamba Zuhura ina hilali na ina mwezi mpevu kama ulivyo mwezi wetu. Ingekuwa inaizunguka Dunia, katika njia iliyochorwa na wataalamu wa kale, isingeonekana kamwe ikiwa imejaa. Hoja ya kwamba jua liko katikati ilipata ushahidi wa macho. Swali hilo moja lina thamani kubwa kuliko majina manane yaliyokaririwa, kwa sababu linamfundisha mtoto tunajuaje, na anayejua tunajuaje hadanganyiki ovyo.

Zuhura ina somo la pili, la leo. Kwa ukubwa ni pacha wa Dunia, na iko jirani. Lakini angahewa yake ni hewa ya ukaa kwa asilimia 96, nzito mara 90 kuliko ya kwetu. Joto la jua likishaingia halipati pa kutokea. Usoni pake kuna nyuzi joto 465, kiasi cha kuyeyusha risasi, mchana na usiku, ikweta na nchani. Utaridi iko karibu zaidi na jua lakini haina angahewa ya maana, kwa hiyo mchana inafika nyuzi 430 na usiku inaanguka hadi 180 chini ya sifuri. Chombo cha Kisovieti Venera 7, cha kwanza kutuma ishara kutoka juu ya uso wa Zuhura, Desemba 1970, kilidumu dakika 23. Venera 13 kilivumilia dakika 127 mwaka 1982, kikapiga picha za rangi za mawe bapa chini ya anga la chungwa, kisha kikanyamaza. Siku hizi tunapobishana kuhusu moshi, misitu na barafu ya Kilimanjaro inayopungua, mfano wa kile hewa ya ukaa inachoweza kufanya unaning'inia angani kila mtu auone. Dunia haiendi kuwa Zuhura kesho. Lakini kanuni inayoipasha Zuhura joto ndiyo hiyohiyo inayofanya kazi hapa.

Mirihi nayo imeonewa na uvumi. Tangu mwaka 2003 upo ujumbe unaozunguka kwenye simu kila inapokaribia Agosti, ukidai kwamba Mirihi itaonekana kubwa sawa na mwezi. Asili yake ni jambo la kweli: tarehe 27 Agosti 2003 Mirihi ilitukaribia kuliko wakati wowote katika miaka karibu 60,000. Ukaribu huo ulikuwa karibu kilomita milioni 55.8. Mwezi uko kilomita 384,400. Ukifanya hesabu, mwezi siku ile ulionekana mpana zaidi ya mara 70 kuliko Mirihi, ambayo kwa macho matupu ilibaki nukta nyekundu yenye mwanga mzuri. Mtoto aliyetembea na mbaazi yake mpaka mita 228 angeukataa ujumbe ule kabla hajamaliza kuusoma. Watu wazima, wenye vyeti, waliusambaza.

Na ukweli wa Mirihi unavutia bila kuongezwa chumvi. Siku yake ni ndefu kuliko yetu kwa dakika 40 tu hivi. Mlima wake Olympus Mons una urefu wa kilomita 22, karibu mara nne ya Kilimanjaro yenye mita 5,895. Milima yote miwili ni ya volkano. Mirihi haina mabamba ya ardhi yanayosogea kama ya kwetu, kwa hiyo lava iliendelea kutokea mahali palepale kwa mamilioni ya miaka, na uvutano wake mdogo ukauruhusu mlima upande. Magari ya utafiti Curiosity, lililotua Agosti 2012, na Perseverance, Februari 2021, yameona miamba iliyowekwa na maji katika maziwa ya kale. Maji yalikuwapo. Kama palikuwa na uhai, hilo bado linatafutwa.

Mshtarii inahitaji kitu kimoja tu cha kuongeza kwenye macho: darubini ndogo ya mkononi, ya aina wanayobeba waongoza watalii mbugani. Ielekezwe kwa Mshtarii, mkono ukitulia, na nukta nne zitaonekana zimejipanga pembeni mwake. Usiku wa pili zimebadilisha nafasi. Ndiyo miezi minne aliyoiona Galileo Januari 1610. Mwaka 1676 Ole Rømer wa Denmark aligundua kwamba mwezi mmojawapo, Io, unachelewa kuingia kivulini kadiri Mshtarii inavyokuwa mbali nasi, akafahamu kwamba mwanga wenyewe unasafiri na unatumia muda. Mpaka hapo wengi waliamini mwanga hufika papo hapo. Kwa hesabu ya miezi ya sayari, mtu amekaa zake Paris, amegundua tabia ya mwanga.

Zohali watu wanaijua kwa pete, na pete ni za kweli, vipande vya barafu visivyo na idadi. Mimi hunivuta zaidi miezi yake. Tarehe 14 Januari 2005 chombo Huygens kilitua Titani, mwezi wenye angahewa nene na maziwa ya methani. Chombo mama, Cassini, kilikuta mwezi mdogo Enceladus ukirusha angani maji kutoka kwenye bahari iliyofunikwa na barafu. Kikazunguka huko miaka 13, na Septemba 2017 wataalamu wakakitumbukiza ndani ya Zohali kusudi kisije kuichafua miezi hiyo na vijidudu vya duniani. Adabu hiyo kwa mahali ambapo hatujui kama pana mtu au kijidudu naiheshimu sana.

Uranus iligunduliwa na William Herschel tarehe 13 Machi 1781, kwa darubini aliyoitengeneza mwenyewe nyumbani kwake Bath, Uingereza. Neptune iligunduliwa kwa kalamu. Uranus ilikuwa haifuati njia iliyotabiriwa. Urbain Le Verrier wa Ufaransa akakokotoa mahali ambapo sayari isiyoonekana ingepaswa kuwa ili iivute vile, akawaandikia wanafalaki wa Berlin, na usiku wa 23 Septemba 1846 Johann Galle akaikuta chini ya nyuzi moja kutoka pale alipoambiwa. Kwa wale wanaowauliza walimu wa hisabati kila siku "hii itatusaidia nini", hadithi hii iwekwe kwenye ukurasa wa kwanza. Pluto, iliyoonwa na Clyde Tombaugh mwaka 1930, iliondolewa kwenye orodha ya sayari na mkutano wa wanafalaki Prague, Agosti 2006. Wapo wanaolalamika mpaka leo. Ceres nayo, iliyogunduliwa 1801, iliwahi kuitwa sayari kwa miongo kadhaa kabla ya kushushwa, na mbingu haikuanguka.

Watu wa bara wasione kwamba nimewapa pwani kila kitu. Katika Wilaya ya Mbozi, mkoani Songwe, juu ya Mlima Marengi kuna kimondo cha chuma chenye urefu wa mita 3 hivi na uzito unaokadiriwa kuwa tani 16. Wenyeji walikijua, wanasayansi walikifahamu mwaka 1930. Asilimia 90 yake ni chuma na karibu yote iliyobaki ni nikeli. Vimondo vya namna hiyo ni vipande vya viini vya magimba madogo yaliyoyeyuka na kupoa katika siku za mwanzo kabisa za mfumo wa jua, miaka zaidi ya bilioni 4.5 iliyopita, kisha yakagongana na kuvunjika. Kiini cha dunia yetu nacho ni chuma na nikeli, na hakuna mtu atakayekifikia. Mbozi unaweza kuweka kiganja juu ya kitu cha aina hiyohiyo. Kwa maoni yangu hakuna ziara ya shule ya bei nafuu yenye faida kubwa kuliko hiyo, na inasikitisha kwamba watoto wengi wa nyanda za juu kusini wanapita Tunduma na Vwawa bila kupelekwa kukiona.

Vilevile tusiendelee kusimuliana kwamba safari za anga ni mambo ya huko. Tarehe 12 Desemba 1970 satelaiti iliyoitwa Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikapewa jina hilo kwa kuwa siku hiyo Kenya ilikuwa ikisherehekea uhuru wake. Ndiyo satelaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kwa kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Malindi ilichaguliwa kwa sababu ya ikweta: hapo dunia inazunguka kwa kilomita 1,670 kwa saa, na roketi inayorushwa kuelekea mashariki inapata msukumo huo bure. Wazee wa Malindi waliokuwa hai wakati huo wanalijua jukwaa lile. Vitabu vya watoto wao havilitaji inavyostahili.

Na pengo jingine linaniuma kidogo. Vyombo viwili vya Voyager, vilivyorushwa mwaka 1977, vimebeba sahani ya dhahabu yenye salamu kwa lugha 55. Kiganda kimo, Kinyanja kimo. Kiswahili hakimo. Umo hata wimbo wa wasichana wa Kimbuti kutoka msitu wa Ituri, Kongo, sehemu ambayo Kiswahili kinasemwa kila sokoni. Voyager 1 sasa iko zaidi ya kilomita bilioni 24 kutoka hapa, na hakuna wa kuifukuza. Lakini vyombo vingine vitakwenda, na lugha zitakazopanda ni za watu wanaoshiriki kuuliza maswali.

Nafasi ya kwanza ya kushiriki ina tarehe. Mwaka 2016, tarehe 1 Septemba, maelfu walifika Rujewa, Mbarali, kushuhudia jua likipatwa kwa umbo la kipete. Jumatatu tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa tena, safari hii kabisa, katika njia inayopita kusini mwa Hispania, Misri, Jidda na Makka, Yemen na ncha ya kaskazini ya Somalia. Luxor, Misri, giza litadumu zaidi ya dakika 6. Waswahili walioko Jidda na Makka wataliona likifunikwa lote. Sisi wa Kenya tutaona sehemu yake tu, mchana. Hakuna anayepaswa kulitazama jua kwa macho matupu siku hiyo, wala kwa miwani ya kawaida ya jua, wala kwa kipande cha filamu ya eksirei. Kadi ngumu itobolewe tundu dogo kwa pini, mgongo uelekezwe juani, na taswira ya jua lililomegwa itaanguka kwenye karatasi nyeupe iliyoshikwa upande wa pili. Watoto waichore kila baada ya dakika tano, waandike saa na joto la hewa, kisha shule ya Garissa ilinganishe michoro yake na ya Mombasa na ya Kisumu. Watakuta jua limemegwa zaidi kwa walio karibu zaidi na njia ile ya giza, na kutokana na tofauti hiyo wanaweza kuanza kukadiria mwezi uko mbali kiasi gani. Wizara za elimu zina muda wa kutosha kuiweka siku hiyo kwenye ratiba.